Leitu Aliyeacha Kusema

Jioni mtungi mtupu wa gesi ulipogongwa kama kengele, kijiji kizima cha Kisamoa kilitulia kwa sala. Nyumbani kwake Viliamu aliomba. Mkewe Sefina akaanzisha wimbo, na binti yao Leitu akaitikia. Sala ikaisha. Hapo Leitu akajisogeza nyuma ya mama yake.

"Leitu, simama," alisema baba yake.

Leitu akasimama katikati ya mkeka. Nyumba yao, kama nyumba za majirani, ilikuwa na nguzo na paa tu, bila kuta. Kila neno lilisikika hadi barabarani.

"Haya, anza."

Leitu akaanza kusema ukurasa wa kitabu cha Kiingereza uliohusu meli, bila kushika kitabu. Mistari michache tu, akakwama.

"Rudi mwanzo."

Ufagio wa njukuti za mnazi ulikuwa kando ya goti la baba. Hakuuinua. Hakuhitaji kuuinua. Leitu akarudi mwanzo, akakwama palepale. Katika nyumba ya pili mtu akacheka.

"Unatuaibisha!" alisema Viliamu. "Jumapili Nyeupe, sikukuu ya watoto, ulisimama kanisani na gauni lako jeupe, ukasema aya ndefu bila kukosea. Wazee walifuta machozi. Leo ukurasa mmoja unakushinda? Huo ni uvivu!"

Viliamu hakuwa na roho mbaya. Alikuwa anaogopa. Yeye mwenyewe aliacha shule kwa sababu ya Kiingereza, na hakutaka mwanawe aishie hapo.

Shuleni mambo yalikuwa mabaya zaidi. Leitu akiulizwa swali kwa Kiingereza, alikuwa akianza kusema ule ukurasa tangu juu.

"Kasuku huyo!" watoto walimzomea. "Umeulizwa habari ya mvua, wewe unajibu meli!"

Basi Leitu akaacha kusema darasani. Baadaye akaacha kusema nyumbani pia, hata kwa Kisamoa.

"Unataka kakao, mwanangu?" mama yake alimwuliza asubuhi moja.

Leitu akatikisa kichwa.

"Niambie kwa mdomo, mama."

Midomo ya Leitu ikafunguka. Sauti haikutoka. Sefina akakiweka kikombe chini.

Siku hiyohiyo Sefina alikwenda kwa jirani yao Telesia. Telesia alikuwa mwalimu, naye ndiye aliyekabidhiwa darasa la Leitu muhula huo.

"Mwalimu, nisaidie," alisema Sefina. "Mwanangu hasemi tena. Watu wanasema ameguswa na mzimu."

"Ameguswa na woga," alijibu Telesia. "Nyumba zetu hizi, dada, mimi nasikia kila jioni. Nilikuwa najiuliza nitaingiaje kwenye mambo ya watu. Njooni shuleni leo watoto wakishaondoka. Njooni wote watatu."

Viliamu aliposikia, alifura. "Shule ipi? Nikipita penye darasa lake nasikia vicheko tu. Eti hadithi ya nguruwe na viatu! Nimempeleka mtoto akasome au akachekeshwe?"

Lakini alikwenda. Alikaa kwenye dawati dogo, mikono kifuani. Sefina alikaa karibu naye. Leitu alijibanza mlangoni.

"Baba Leitu, niwie radhi," alisema Telesia. "Simama kidogo."

Viliamu akasimama. Telesia akasema maneno marefu ya Kijapani, lugha aliyojifunza chuoni. "Rudia."

"Nirudie nini? Sijui hata unasema nini!"

"Rudia tu."

Viliamu akajaribu. Ulimi ukagoma.

"Rudi mwanzo," alisema Telesia.

Viliamu akajaribu tena. Akatazama sakafu, mtu mzima yule, na masikio yakamwaka moto. Leitu alimwona.

"Basi, kaa. Nisamehe sana," alisema Telesia. "Sasa tazama."

Akachora nguruwe ubaoni, akamtaja kwa Kijapani. Akachora viatu na gimbi, akavitaja. Akaigiza nguruwe anavyovitamani viatu, na Sefina akacheka. Kisha, kwa Kijapani hichohicho, polepole, akauliza: nguruwe anataka viatu, au anataka gimbi? Viliamu akaonyesha viatu kwa kidole.

Telesia akakubali kwa furaha, akarudia jibu. Akauliza tena kwa namna nyingine. Je, nguruwe anataka gimbi? Hapana. Nani anataka viatu? Viatu vingapi? Viliamu akainua vidole vinne. Maneno yalikuwa machache, yaleyale, yakizunguka. Mara Viliamu akapayuka, "Viatu!" kwa Kijapani. Akajishika mdomo.

"Nani amekuambia useme?" aliuliza Telesia.

"Hakuna. Limenitoka lenyewe."

"Ndivyo lugha inavyoingia. Kwanza mtoto asikie maneno anayoyaelewa, tena na tena, ndani ya hadithi anayoipenda. Nachora, naigiza, nauliza. Asiyetaka kusema ajibu kwa kidole. Akikosea, simwambii amekosea. Nalirudia jibu lake vizuri, tunaendelea. Akishaelewa vya kutosha, atasema mwenyewe."

"Mbona aya za Jumapili Nyeupe alizishika?"

"Zile zilikuwa kwa lugha aliyolelewa nayo. Alijua maana yake. Ule ukurasa kwake ni kelele tu, na ulimsimamisha nao mbele ya kijiji."

Viliamu akageuka mlangoni. "Ndivyo unavyojisikia kila jioni?"

Leitu akaitikia kwa kichwa. Viliamu akainama.

"Atasema tena?" aliuliza Sefina kwa sauti ndogo.

"Nadhani atasema. Lini, sijui. Msimharakishe. Na siku akisema, msimsahihishe."

Tangu jioni hiyo Leitu hakusimamishwa tena. Sala ikiisha, walikula. Darasani alisikiliza hadithi za Telesia, akajibu kwa kidole. Wiki zikapita. Siku moja alicheka na wenzake. Lakini neno hakusema, na kimya kile kiliwatisha wazazi wake.

"Kama nimemharibu je?" Viliamu alimnong'oneza mkewe.

"Tungoje," alisema Sefina, ingawa yeye pia alikuwa na hofu.

Alasiri moja Sefina alikuwa akimenya shelisheli, akasikia sauti nyuma ya nyumba. Akaweka kisu chini, akaenda kuchungulia. Leitu alikuwa amechuchumaa mbele ya kuku na vifaranga wake, akimsimulia hadithi kwa Kiingereza. Kuku alitaka kupanda basi. Maneno mengine yalikaa kichwa chini miguu juu, lakini yalikuwa ya Leitu mwenyewe, si ya kitabu.

Viliamu akatokea shambani na kikapu cha magimbi. Hata yeye alilisikia kosa. Akafungua mdomo.

Sefina akamshika mkono. "Baba Leitu, nyamaza."

Akanyamaza. Wakasimama, kikapu kikiwa bado begani mwa Viliamu.

Leitu akageuka, akawaona. Sauti ikakatika.

Viliamu akaweka kikapu chini taratibu. Akachuchumaa. Kwa Kiingereza chake kibovu akauliza, "Kuku... anakwenda wapi?"

Leitu akamtazama kuku, kisha baba yake.

"Apia, mjini," alisema. Kisha akaendelea, kwa Kiingereza hichohicho, "Anakwenda Apia. Na wewe, baba, unapanda naye."