Uyoga Ulioachwa Nusu Ardhini

Mvua ilinyesha juma zima. Ilipokatika, kijiji chetu chote kiliingia msituni. Kila vuli huwa hivyo hapa kwetu kusini mwa Lithuania. Fundi baiskeli anafunga kibanda. Padri naye anafupisha misa. Watu wanatafuta uyoga.

Zita aliingia pia. Zita ni mshonaji, mzaliwa wa mjini, ameolewa kijijini kwetu na Kastytis, dereva wa trekta. Miaka yote alikuwa akienda msituni na mama mkwe wake, Petronele. Petronele huchuma uyoga huku anapiga soga, na hajawahi kukosea. Lakini safari hii Petronele alikuwa amelazwa mjini baada ya kupasuliwa nyonga. Zita akachukua kikapu na kisu, akaenda peke yake.

Alirudi mchana, uso unang'aa. Kikapu kilikuwa kimejaa.

"Mama akisikia, atatoroka hospitali!" alisema Kastytis.

"Mwambie asiwe na haraka," Zita alijibu. "Jiko limepata bibi mwingine."

Uyoga mwingi, kwa macho yake, ulikuwa ule uitwao umede, wenye kofia ya kijani ambao kila nyumba huula. Zita aliukuta chini ya mialoni. Aliukata wote kwa kisu usawa wa ardhi, kama alivyomwona mama mkwe wake akifanya. Alikaanga nusu kwa siagi. Akatia na kitunguu kizima, kwa sababu aliwahi kusikia kwamba kitunguu kikigeuka buluu, kuna sumu. Kitunguu kilibaki cheupe. Basi moyo ukatulia, akatoka kwenda bustanini kuchuma majani ya kunukia.

Alipotoka tu, Kastytis akashika uma.

Wakati huohuo Aldona alibisha mlango. Aldona ni jirani yao. Anafanya kazi kwenye kituo kinachonunua uyoga wa msituni, na kazi yake ni kuukagua mmoja mmoja kabla haujaenda kiwandani. Alikuja kurudisha chupa za kuwekea matango.

"Nyumba inanukia kama arusi," alisema. Kisha akaona uyoga mbichi uliobaki mezani. Akaokota mmoja, akaugeuza. Tabasamu likamfutika.

"Zita!" aliita kwa sauti. "Zima moto! Nani ameshakula?"

Zita aliingia mbio. Kastytis alikuwa bado anatafuna.

"Mimi nimeonja kidogo tu," alisema.

"Tema! Umemeza vipande vingapi?"

"Viwili. Labda vitatu. Kuna nini? Ni mtamu sana."

"Ndiyo, ni mtamu. Huo ndio ubaya wake." Aldona aliuinua uyoga ule. "Tazameni. Hapa kwenye shina, chini ya kofia, kuna pete, kama sketi ndogo. Umede hauna sketi. Huu ni kifo-cha-nzi wa kijani. Huu huua mtu mzima."

Zita alishika ukingo wa meza. "Lakini kitunguu hakikugeuka rangi!"

"Kitunguu hakijui sumu, mdogo wangu. Hata kijiko cha fedha hakijui. Na moto hauiondoi. Ungeuchemsha hadi kesho, sumu ingebaki palepale."

"Basi nipeni maziwa ninywe, yaishe," Kastytis alisema. "Mbona mnanitazama kama maiti? Sina hata kichefuchefu. Nikiumwa tutakwenda hospitali."

"Ukisubiri uumwe, utakuwa umechelewa," Aldona alisema. "Sumu hii hukaa kimya. Saa nyingi zinapita, wewe unacheka, yenyewe inaelekea kwenye ini. Vaa viatu. Maziwa uache, na pombe usiguse."

"Aldona, nina trekta la watu shambani..."

"Kastytis!" Zita alimkatiza. "Vaa viatu, au nitakubeba mgongoni kijiji kizima kikuone."

Akavaa viatu.

Aldona alitia uyoga mbichi kwenye mfuko wa karatasi. Uliokaangwa akaufunga pamoja na sufuria yake. "Daktari lazima auone," alisema. "Usitupe hata ganda." Kisha akawasha gari lake.

Hospitali ya wilaya hawakupoteza wakati. Walimpa Kastytis dawa nyeusi ya mkaa anywe, wakamtundikia dripu. Jioni alikuwa bado anawatania wauguzi. Kesho yake alitapika na kuharisha mpaka akashindwa kusimama. Zita alikaa kando ya kitanda, akimfuta uso.

Halafu likaja jambo la ajabu. Kastytis alipata nafuu ghafla. Akaomba supu, akaomba suruali yake.

"Turudi nyumbani," alisema. "Nimepona."

"Hujapona," daktari alimjibu. "Sumu hii ina hila hiyo. Mtu anajisikia vizuri, kumbe ini linazidi kuumia. Damu yako inatuonyesha. Bahati yako, ulikula kidogo na ukaja mapema."

Walimweka hadi damu yake ilipokuwa safi. Alirudi nyumbani amekonda, suruali imefungwa kwa kamba, lakini mzima.

Hapo ndipo Aldona alipomwambia Zita, "Chukua kisu, twende."

"Msituni? Mimi? Sitaki kuuona tena uyoga maishani."

"Ukiuogopa, hutaujua. Twende."

Walifika palepale chini ya mialoni. Visiki vya mashina aliyokata Zita vilikuwa vimeoza, lakini uyoga mpya ulikuwa umechipua kando. Aldona alipiga magoti.

"Usikate. Ingiza kisu chini, uung'oe wote pamoja na udongo."

Zita alichimba taratibu. Uyoga ukatoka na mguu wake. Chini kabisa kulikuwa na kifuko cheupe, kama ganda la yai lililopasuka.

"Mungu wangu," Zita alisema. "Hiki mimi nilikiacha ardhini."

"Ndiyo. Pete huweza kudondoka, na rangi hufifia mvua ikinyesha. Kifuko hiki ndicho ushahidi wako, nawe ulikuwa unaukata na kuuacha. Sasa chimbua na uyoga ule mwingine."

Ule mwingine ulikuwa umede wa kweli. Haukuwa na pete wala kifuko. Zita alipolivunja shina lake, likakatika pu, kama chaki.

"Na ukiwa na shaka?" Aldona aliuliza.

"Nakuletea wewe uutazame."

"Na kama mimi sipo?"

"Nauacha."

Petronele aliporudi, akitembea kwa magongo, alinung'unika. "Tangu utoto wangu tunakata kwa kisu. Leo mnachimba kama nguruwe?"

"Mama," Zita alisema, "wewe unautambua kabla hujainama. Mimi nilijifunza mkono wako, sikujifunza jicho lako. Ndiyo maana nusura tumzike mwanao."

Petronele aligeuka. Akamtazama Kastytis, mashavu yaliyomwingia ndani. Kisha akavuta kiti, akaketi mbele ya kikapu kipya cha Zita. Alitoa uyoga mmoja mmoja, akaugeuza, akatazama chini ya kofia, akatazama na mguu. Alikagua hadi kikapu kikaisha.

"Wote ni safi," alisema mwishowe. "Haya, mkwe wangu, kaanga. Nina njaa."

Kastytis alisogeza sahani yake mbele kabla ya mtu yeyote.