Kichwa cha Shaba Mezani kwa Philbert

Mambo ya rafiki yangu Philbert yalibadilika tarehe 14 Juni 1956, saa moja jioni. Alikuwa amemwoa dada yangu Verediana, aliyefia kwetu Iringa wakati wa masika. Barabara ya Mbeya ilikuwa imekatika, na Philbert alipofika tulikuwa tumeshazika. Hakumwona uso, na jambo hilo lilimla moyo.

Siku ile ya Juni padri mmoja alimtuma apeleke Mbeya kichwa cha shaba, kazi ya mafundi wa kale wa Nigeria. Akamweleza, “Wengine husema huko waliwaomboleza wakubwa wao mara ya pili mbele ya vichwa kama hiki.”

Njiani Jailos, dereva wa lori, alikitazama kichwa, akacheka. “Bwana Philbert, abiria wako mbona hasalimii watu?”

Philbert alifika kwake Mbeya, akakiweka kichwa mezani. Nyumba ilikuwa baridi na kimya. Akalia mbele yake, akimwita mkewe kwa jina. Upepo ukazima taa. Gizani akasikia kitambaa kikivutwa taratibu, kisha fundo likikazwa. Alipowasha kibiriti, taya la shaba lilikuwa limefungwa kitambaa cheupe mpaka utosini, kama tunavyowafunga maiti wetu.

Kwetu mkwe haketi na mama mkwe, kwa hiyo mimi ndiye niliyempelekea mama kitambaa. Alikishika muda mrefu.

“Pindo hili nilishona mimi,” alisema. “Nilimfunga nacho dada yako, nikasimama mpaka jeneza likapigwa misumari.”

Ee Bwana, mpokee Verediana, umpe usingizi usiokatizwa. Amina.