Kwa Kinywa cha Mke Wake

Chumvi ilikuwa kwenye sahani ya Sylvanus tu. Walikuwa wamepakuliwa kutoka sufuria moja, dagaa na ugali, na Bernadetha na mtoto wao Aneth waliona chakula kiko sawa. Sylvanus alitema tonge mkononi, akanywa maji, akasema kwa utani kwamba kama mke wake amepata mwanaume mwingine aseme tu, asimuue kwa chumvi. Bernadetha alionja dagaa wa sahani ile, ulimi ukamwaka. Akampa ya kwake. Sylvanus alipopeleka tonge la kwanza mdomoni, nayo ilikuwa chumvi tupu.

"Labda una malaria," alimwambia, akaenda kuosha vyombo, kwa sababu vyombo havijioshi.

Hakufikiria kwamba jambo hilo linahusiana na kazi. Yeye alikuwa anakatalogi katika maktaba ya chuo kimoja huko Nsemulwa, Mpanda. Kila kinachoingia, kitabu, ramani au kaseti, anakielezea kwenye kompyuta kwa kanuni zilezile zinazotumika nchi nyingi, ili mtu wa Mpanda na mtu wa mbali wakitafuta kitu kimoja wakipate kwa jina moja. Unaandika unachokiona kwenye kitu chenyewe, kwa maneno yake, siyo unachokidhani. Kanuni hizo zimefika mpaka kwenye maneno yanayosemekana yametoka kwa roho. Mwenye kazi anaandikwa roho mwenyewe, siyo mtu aliyetumiwa kusema, na baada ya jina lake unaongeza kwenye mabano kwamba huyu ni roho.

Siku ile ya chumvi alikuwa ameshinda na boksi la kaseti za marehemu Mwalimu Cletus, ambaye enzi zake alizunguka vijijini kurekodi nyimbo. Kaseti zote zilikuwa na jina la mwimbaji isipokuwa moja. Karatasi yake ilisema: Kasimbo, kwa kinywa cha mke wake. Aliiweka kwenye redio ya ofisi, akafungua sauti ya chini. Mwanamke aliimba kwa sauti nzito isiyo yake, akijisifu kuwa yeye ni jini, ana ng'ombe wengi chini ya maji na mke mmoja tu duniani. Basi Bernadetha akafuata kanuni. Mwenye kazi: Kasimbo (Jini). Halafu maneno ya karatasi kama yalivyo. Lakini programu ilikataa kuhifadhi bila jina la aliyeimba, na pale maktaba walikuwa na mazoea yao: jina likikosekana unaweka lako kwa muda, ili wenzako wajue wamuulize nani. Akaweka lake, akabonyeza, akaenda kunywa chai.

Asubuhi iliyofuata alikuta ndoo zote zimejaa maji. Alidhani ni Sylvanus, akashangaa, maana tangu waoane hajawahi kumuona akibeba ndoo. Sylvanus alidhani ni yeye. Kesho yake jiko lilikuwa limewashwa, mkaa umeiva vizuri, na nguo za Aneth na za mama yake zimefuliwa na kuanikwa. Za Sylvanus zilikuwa chini ya kamba, zimefungwa mafundo, zimelowa kitu kinachonuka. Ndani ya nyumba palianza kuwa na harufu ya majani mabichi ya tumbaku, kama pale unapopita karibu na banda la kukaushia, na wao hawakuwa na mkulima wala mvutaji.

Bernadetha aliyatumia yale maji. Alikuwa amechoka kwa miaka mingi, na mtu aliyechoka akijaziwa ndoo haulizi haraka.

Kukohoa ndiko kulikomtisha. Kila Sylvanus alipomgusa, hata akimpokea mfuko tu, nyuma ya mlango mtu alikohoa mara moja, taratibu, kama mwenye nyumba anayemjulisha mgeni kwamba muda wake umekwisha. Kwenye karakana yake huko Majengo, Sylvanus, fundi seremala asiyekosea, alijikata kiganja kwa msumeno wa umeme uliokuwa umezimwa. Akarudi na bandeji, akamnong'oneza mkewe jikoni kwamba anaogopa nyumba yake mwenyewe, na kwamba kuna mtu anamsimamia akivua viatu.

Jumapili baada ya misa, jua likiwa kali na mlango uko wazi, Sylvanus alimshika mke wake bega ili apite kwenda kwenye kiti, na hapohapo akasimama, macho yakamtoka, mkono ukaenda shingoni, na Bernadetha aliona ngozi ya shingo ya mume wake ikibonyea sehemu nne upande huu na sehemu moja upande ule, kama unga unavyobonyea ukiushika, na hakukuwa na mkono wowote, ila harufu ya tumbaku imejaa chumba mpaka Aneth akaanza kulia na kutapika, na Sylvanus akapiga magoti, midomo inageuka rangi, mpaka Bernadetha aliporudi nyuma, akaegemea ukuta wa mbali, akasema kwa sauti ndogo, "Simtaki huyu, mwachie," hapo ndipo alipoachiwa akaanguka.

Jioni Sylvanus alimchukua mtoto, akahamia kwa kaka yake. Hakugombana. Alisema tu kwamba akirudi tena humo atatolewa kwenye jeneza.

Jumatatu Bernadetha alimweleza Edgar, mkuu wa maktaba, mtu wa kucheka kila kitu. Alicheka. Kisha wakaweka ile kaseti. Wimbo ulikuwa uleule, ng'ombe walewale, ila Edgar aliacha kucheka akamtazama mdomo.

"Mbona ni sauti yako?"

Bernadetha aliitambua mapema kuliko yeye. Hata kikohozi chake cha vumbi la ofisi kilikuwemo. Hapo akaelewa alichokiandika. Alimweka jini mahali pake kwa heshima yote, na kwenye nafasi ya mke akaweka jina lake mwenyewe.

Alijaribu kulifuta. Programu ikakataa: jina linahitajika. Edgar akasema amwandike yeye, kisha akafikiria shingo ya Sylvanus, akaondoa ofa yake. Akapiga simu kwa familia ya Mwalimu. Wakamwambia aliyeimba bado yuko hai, anaitwa Dafrosa, anauza nyanya sokoni Shanwe.

Njia nzima Bernadetha aliona aibu. Alikuwa anakwenda kumrudishia mwanamke mwenzake mzigo kama huu. Alipanga maneno ya kumbembeleza. Hakuyatumia. Dafrosa, mama wa makamo mwenye kitenge kilichopauka, aliinua pua kabla ya salamu, akanusa hewa, akaweka chini nyanya aliyokuwa anaifuta.

"Kumbe ni wewe," alisema. "Wiki nzima nalala peke yangu nikidhani nimemkosea. Kumbe yuko kwako."

"Dada, sikujua. Niliandika tu jina."

"Una mume?"

"Ninaye."

"Una mtoto?"

"Mmoja."

"Una mume, una mtoto, una mshahara. Ukataka na wangu?"

Wateja waligeuka. Dafrosa hakuwajali. Alimuuliza kama ndoo zilijaa. Bernadetha alipoitikia kwa kichwa, yule mama alifumba macho kama aliyepigwa kofi. Alifunika nyanya kwa gunia, akasema twende sasa hivi, nitaangalia kwa macho yangu unavyoandika, nyie watu wa kalamu siwaamini.

Maktaba ilikuwa na wanafunzi wachache. Bernadetha alipogusa kibodi, mtu alikohoa nyuma ya kiti chake, karibu kabisa, na pumzi ya tumbaku ikamwingia shingoni, siyo kwa hasira, ila kwa upole wa kuomba, na vidole vyake vikawa vizito hata kila herufi ya jina la yule mama ilikuwa kama kuinua tofali, na sikioni alisikia kwa sauti yake mwenyewe akiulizwa nani mwingine aliwahi kuamka kabla yake ili yeye apumzike. Akatafuta herufi iliyofuata. Dafrosa alianza kuimba polepole, bila haya, huku machozi yanamtoka. Bernadetha akabonyeza.

Pumzi ikaondoka shingoni. Kitenge cha Dafrosa kilitikisika begani, na dirisha lilikuwa limefungwa. Yule mama alijifuta uso, akasema kwa sauti ya kuringa, siyo kwa Bernadetha, "Twende nyumbani," akaondoka bila kuaga.

Sylvanus na mtoto walirudi. Chakula kikawa chakula, na ndoo zikarudi kwa Bernadetha.

Siku moja Bernadetha alipita Shanwe akitoka kazini, miguu imevimba. Dafrosa alikuwa kwenye meza yake na kitenge kipya, anacheka chinichini. Pembeni yake palikuwa na kiti kitupu. Bernadetha hakutaka nyanya. Alisimama tu.

"Hajambo?" aliuliza.

"Nani?" Dafrosa alisema, akahamisha mwili wake taratibu mpaka ukakiziba kile kiti.

Bernadetha alijikuta anakitazama kile kiti juu ya bega la Dafrosa, na kumchukia yule mama.