Kofia Iliyokazwa kwa Spana

Jumatatu, saa mbili na dakika kumi asubuhi, saketi ilikutwa imekufa ndani ya jokofu la maabara. Kilikuwa kidude kidogo kuliko ukucha, kimezungushiwa nyaya zenye ukinzani mkubwa ili chaji isitoroke hovyo. Kikipozwa mno, elektroni za umeme hupita jozi kwa jozi, kwa mapigo. Ndivyo Profesa, mkuu wa maabara, alivyoutangazia ulimwengu. Hakikuwepo cha pili, na miaka minne ya kazi ya mwanafunzi wake ilikuwa mle.

"Binti aliunganisha kebo Ijumaa bila kuvaa ukanda wa kuzuia umeme tuli wa mwilini, ukaiunguza saketi," Profesa alisema. "Saa sita kamati inamfukuza. Namhurumia, lakini nifanyeje?"

Mkaguzi wa usalama, mama mtu mzima aliyeitwa Bi Daftari, hakuwa mtu wa kumezeshwa maneno. Akamwendea fundi wa jokofu.

"Ijumaa jioni saketi ilikuwa nzima," fundi alisema, akimwonyesha chati. "Jumamosi, saa nne kasoro kumi asubuhi, joto likaruka. Mtu alipitisha umeme mwingi kwenye kebo ya saketi."

Kadi iliyofungua mlango saa hiyo ilikuwa ya mwanafunzi.

"Kadi naiacha kwenye droo, mama, kila mtu anajua," binti alisema huku akilia. "Nilikuwa nyumbani namuuguza mama yangu."

"Nani alikuona?"

"Yeye tu. Na hasemi tangu apooze."

Bi Daftari akaenda naye hadi kwenye jokofu. Kebo ikikaa bure huvishwa kofia ya chuma mdomoni. Akaizungusha kofia hiyo kwa vidole. Ng'o, haikulegea.

"Wewe unakazaje hizi?" akamuuliza binti.

"Kwa vidole. Mwaka jana nilivunja moja, Profesa akanikataza spana. Iko moja tu, anatembea nayo mfukoni."

Saa tano na nusu alikuwa ofisini kwa Profesa. "Naomba spana," alisema, na Profesa akaitoa kabla hajafikiri. Bi Daftari akamweleza yote.

"Yale mapigo yalikuwa mtikisiko wa pampu ya jokofu tu," akasema Profesa. "Binti aligundua. Leo angepima pampu ikiwa imezimwa, nami nimeshautangazia ulimwengu ugunduzi."

"Nitaandika hivyo hivyo."

"Andika, mama. Ripoti zote za maabara hupitia kwanza kwenye meza hii. Na saketi haipo tena, utathibitisha kwa kitu gani?"

Hakusema kwa majivuno, na hilo lilimuuma Bi Daftari zaidi.

Saa sita kasoro dakika mbili, binti alikuwa kwenye benchi nje ya chumba cha kamati.

"Umempata, mama?"

"Nimempata."

Binti akatabasamu kwa mara ya kwanza siku hiyo. Mlango ukafunguliwa, na mwenyekiti wa kamati akamkaribisha ndani. Alikuwa Profesa.