Maoni ya Mama Mapacha

Jumamosi ya soko mjini Kitengela haina adabu. Mwaka huo wa 2006, kufikia saa nne asubuhi, barabara ya Namanga ilikuwa imejaa malori ya saruji na mbuzi wa kuuzwa, na akina mama walikuwa wametandaza nyanya mpaka kwenye mlango wa saiba, duka la kompyuta na intaneti. Ndani, viti vyote sita vilikuwa na watu. Nyuma ya kila kiti alisimama mwingine akingoja zamu yake, huku akisoma barua ya aliyeketi bila aibu yoyote.

Kwenye kaunta alikuwa Nyakio, msichana wa miaka ishirini na minne, blauzi ya manjano, jinzi iliyomkaa vizuri, na sauti ambayo hata kompyuta zilizokwama zilikuwa zikiitii. Mbele yake alifika kijana mrefu katika ovaroli iliyomwagikiwa rangi ya kila bango la mji ule. Aliitwa Kiilu, mchoraji wa mabango, na kwapani alikuwa na makaratasi ndani ya nailoni.

"Sasa, madam. Mko na skana?"

"Tuko nayo. Unaskani nini, kitambulisho?"

"Hapana. Ni michoro tu."

Kabla hajamaliza, mama mmoja mwenye kikapu alimsukuma akipita, na makaratasi yakatawanyika sakafuni. Nyakio alitoka nyuma ya kaunta kumsaidia kuokota. Akaokota moja, akaanza kulisoma, na hapo kazi yote ya saiba ikasimama.

Ilikuwa hadithi ya mapenzi kwa picha. Msichana Mwikali alichoma nyama kando ya barabara, na wanaume wawili walimpenda: Lemayian, daktari wa mifugo asiyesema kitu, na Gathu, dereva wa lori aliyesema kupita kiasi. Mchoro ulikuwa na moshi, vumbi, na macho ya watu wanaopendana kweli.

"Madam, printi yangu!" mteja alipiga kelele.

"Ngoja kidogo," Nyakio alijibu bila kuinua kichwa. Kisha akamgeukia Kiilu. "Page ya nane iko wapi?"

"Bado sijaichora."

"Bado? Umeacha msichana wa watu kwa mvua na hujachora?"

Kiilu alicheka mpaka akashika kaunta. Mimi nasema mapenzi yao yalianza hapo hapo, ingawa wenyewe wangebishana nami. Kiilu husema ni siku alipomletea mahindi ya kuchoma. Nyakio husema ni siku alipomletea ukurasa wa nane.

Nyakio ndiye aliyemfungulia blogu. Kila Ijumaa Kiilu alileta ukurasa mmoja, Nyakio akauskani na kuuweka hewani, nao wakakaa bega kwa bega wakingoja picha ifunguke taratibu kutoka juu kwenda chini. Jioni Kiilu alimpigia simu ikalia mara moja tu akakata, na Nyakio akampigia.

"Kwani wewe utaflash mpaka lini?"

"Mpaka unizoee, sweetie."

"Nimekuzoea kitambo. Ongea."

Shida ilikuwa neno moja chini ya kila ukurasa: *Maoni*, na mbele yake sifuri. Wiki nane, sifuri nane. Kiilu alikuwa akizitazama kila Ijumaa, na furaha yote ikimtoka usoni.

"Kama hakuna mtu anasoma, nachorea nani?"

"Unanichorea mimi."

"Wewe ni wewe. Hata nikichora sufuria utasema ni poa." Akakunja nailoni yake. "Nitafunga hadithi na page ya kumi na mbili. Nirudi kwa mabango yangu."

Nyakio hakulala vizuri. Alimjua mwanaume huyu. Alijua kwamba siku akiacha kuchora atazima taa moja ndani yake, na hataiwasha tena kwa ajili ya mtu yeyote. Ijumaa iliyofuata, chini ya ukurasa wa tisa, maoni yakawa moja.

*Huyu Mwikali analia sana. Nyama inaungua, yeye analia tu. Mchoraji, mpe kazi afanye! Ni mimi Mama Mapacha wa Isinya.*

Mama Mapacha hakuwa na mapacha, wala hakuwa Isinya. Alikuwa Nyakio, kwenye kompyuta ya kaunta, wakati wateja wameenda kula. Baada ya wiki mbili akamleta Kijana wa Gataka: *Gathu ndiye mwanaume. Anakuja na soda. Huyo daktari anakuja na sindano tu.* Kisha Mwalimu Mstaafu, aliyeandika kwa heshima kuwa Lemayian hupenda kwa mikono, si kwa mdomo. Mwisho akamleta Binti wa Tuala, ambaye kila mara aliuliza kwa nini Mwikali ana rinda moja tu. Hao wanne walibishana mle ndani kama majirani kwenye foleni ya maji.

Kiilu alifufuka. Alimpa Mwikali rinda la pili. Akamchora akilia huku anageuza nyama. Na kwa kuwa penye ubishi watu hujaa, wasomaji wengine wakaanza kuingia kweli kweli. Kufikia ukurasa wa ishirini maoni yalikuwa kumi na moja, na Nyakio alijua wenyewe wa manne tu.

"Babe, umeona Mama Mapacha amesema nini leo?" Kiilu aliuliza kwenye simu.

"Amesema nini?" Nyakio alijibana asicheke.

"Ati Gathu anapenda sauti yake kuliko anavyompenda Mwikali. Huyo mama ako na akili! Natamani nimpate nimnunulie chai."

"Na mimi je?"

"Wewe utakunywa chai yangu maisha yako yote. Lakini huyo mama ananisoma, Nyakio. Ananisoma kabisa."

Kicheko kilimwisha Nyakio. Alitaka kumwambia pale pale. Akasema atamwambia kesho, na kesho ikapita, ikaja nyingine.

Jumanne moja mchana Nyakio alivuka barabara kwenda kununua chapati. Kiilu, aliyekuja kumtembelea, aliketi kwenye kompyuta ya kaunta, ile ambayo hakuna mteja aliyeruhusiwa kuigusa. Aliona heri leo awashukuru wasomaji wake mwenyewe. Akabofya pale pa kuandika jina, na kompyuta, ambayo hukumbuka kila jina lililowahi kuandikwa hapo, ikamfungulia orodha. Mama Mapacha. Kijana wa Gataka. Mwalimu Mstaafu. Binti wa Tuala.

Nyakio aliporudi alimkuta amesimama.

"Hawa watu ni wewe."

Chapati zilianguka kwenye kaunta. "Kiilu, ngoja."

"Wote ni wewe?"

"Wanne tu! Wale wengine ni watu wa ukweli, naapa."

"Nitajuaje? Ulinionea huruma, ndiyo maana."

"Haikuwa huruma. Yale maoni ni yangu kabisa. Kila neno. Nilificha jina tu, kwa sababu ulisema mimi nikikusifu sihesabiki!"

"Nimekuwa nikiambia mji mzima niko na wasomaji," Kiilu alisema polepole. "Kumbe niko na wewe na kompyuta."

Akaondoka. Maneno hayo yalimuuma Nyakio, hasa lile "na wewe" lililosemwa kana kwamba si kitu. Alimpigia simu mara sita siku ile. Ya saba hakupiga, kwa kuwa naye alikuwa na moyo wake.

Wiki tatu zilipita bila ukurasa mpya. Mwikali alibaki kwenye ukurasa wa ishirini na sita, wanaume wote wawili wameketi mezani kwake, na yeye ameshika sahani. Kiilu alichukua kazi ya kupaka rangi ukuta wa shule ya watoto huko Nkoroi. Siku moja, katika saiba ya huko, alikuta barua pepe. Mtu aliyejiita Mwalimu Naserian alisema kundi lake la maigizo mjini Kajiado linaomba ruhusa ya kuigiza hadithi ya Mwikali jukwaani.

Kiilu alicheka kwa uchungu, akajibu kwa mstari mmoja: *Nyakio, sasa umekuwa mwalimu wa Kajiado? Wacha. Nimechoka.*

Kesho yake simu ya saiba, ambayo namba yake ilikuwa kwenye blogu, ililia Kitengela.

"Sopa," sauti ya mwanamke mzima ilisalimu kwa Kimaasai. "Naomba kuuliza, Nyakio ni nani?"

"Epa. Ni mimi."

"Basi nieleze kwa nini mchoraji wenu ananiita wewe."

Nyakio alielewa yote, akakaa chini. Naserian alikuwa wa kweli, na nywila ya blogu alikuwa nayo yeye, Nyakio. Angeweza kuandika *Ndiyo, igizeni* kwa jina la Kiilu na mambo yakaisha.

"Madam, mimi siwezi kukupa ruhusa," alisema. "Hadithi si yangu. Nilishaongea kwa majina ya watu, nikaharibu. Nasikia atakuwa Kitengela Alhamisi, anaandika bango la buchari karibu na stage ya matatu. Tafadhali njoo umwone na macho yako. Na usimwambie nimekutuma."

Alhamisi, Kiilu alikuwa juu ya ngazi akimalizia pembe za ng'ombe kwenye bango la duka la nyama aliposikia mtu anaita kutoka chini.

"Wewe ndiye Kiilu? Shuka."

Alikuwa mwanamke mrefu, suti ya kahawia, hereni za shanga zikimgusa mabega, na mkononi alikuwa na kurasa ishirini na sita zilizochapishwa, zimekunjikakunjika kwa kusomwa.

"Mimi naitwa Naserian. Nafundisha Kajiado. Na huyu Lemayian wako ameniudhi."

Kiilu alishuka vidato viwili. "Amekuudhi aje?"

"Page ya kumi na nne. Ng'ombe ako mgonjwa mbele yake na amenyamaza! Mmaasai gani atanyamazia ng'ombe? Anaweza kunyamazia msichana, hiyo sawa. Lakini ng'ombe? Kwa darasa langu tuligombana wiki nzima. Nusu wanasema Mwikali achukue Gathu, nusu wanasema daktari, na mpishi wa shule anasema awafukuze wote wawili alipe deni la mkaa."

Kiilu alishuka hadi chini, brashi mkononi ikidondosha rangi nyekundu kwenye kiatu chake. Hakuna kompyuta duniani ambayo ingeweza kumbuni mwanamke huyu.

"Mnanisoma," alisema.

"Tunakusoma sana. Lakini majibu yako hayana adabu." Naserian akatabasamu kidogo. "Nilipiga simu saiba. Yule msichana angenipa ruhusa, nisingejua tofauti. Akakataa. Akasema hadithi si yake. Aliniambia nisikuambie amenituma, lakini mimi si mtu wa kufichaficha."

Kiilu alitoa ruhusa papo hapo, na kwa kuwa kundi lilikuwa limeshafanya mazoezi, mchezo ukapangwa Jumamosi hiyo hiyo. Jioni alipiga simu, na safari hii hakukata.

"Nyakio."

"Mm."

"Nilikukosea. Utakuja Kajiado Jumamosi?"

"Nani anauliza, wewe ama bango?"

"Ni mimi, mpenzi."

"Nitafikiria," alisema Nyakio, akakata simu, akaanza kuchagua nguo.

Jumamosi mchana ukumbi wa kanisa mjini Kajiado ulijaa mpaka dirishani. Kiilu aliketi mbele, shati jeupe limepigwa pasi, akigeuka nyuma kila mara. Jukwaani kulikuwa na jiko la kweli na moshi wa kweli, na watu hawakukaa kimya hata dakika moja. "Gathu, acha maneno!" mzee mmoja alifoka. "Daktari, ongea, baba!" wanawake walijibu. Kiilu alisikiliza machozi yakimlengalenga, wala hakujali nani anamwona.

Mchezo ulifika ukurasa wa ishirini na sita. Mwikali akashika sahani, wanaume wakaketi, na waigizaji wakasimama tuli. Hadithi ilikuwa imeishia pale.

"Mwisho uko wapi?" ukumbi mzima ukaunguruma. Naserian alimvuta Kiilu mkono mpaka jukwaani.

"Mwisho sina," Kiilu alikiri. "Niliacha kuchora nikidhani hamko. Nisameheni. Sasa niambieni nyinyi."

Kelele ziligawanyika, upande huu daktari, upande ule dereva. Ndipo nyuma kabisa, karibu na mlango, akasimama msichana aliyevaa gauni la kijani, kitambaa cheupe shingoni. Kiilu alimtambua mara moja.

"Mimi niko na maoni," alisema, na sauti ile ile ya kaunta ikanyamazisha watu. "Naitwa Nyakio, natoka Kitengela. Nimewahi kuandika maoni mengi kwa majina ya uongo. Haya nasema na jina langu. Kurasa ishirini na sita Mwikali anangoja kuulizwa. Anangoja nini? Kama kuna mwenye anampenda, amuulize yeye."

"Amuulize aje?" mama mmoja alitaka kujua.

Nyakio alitembea katikati ya viti. Hakusimama mpaka alipofika chini ya jukwaa.

"Amuulize hivi. Kiilu, mimi nakupenda. Utanioa?"

Ukumbi ulipasuka. Gathu wa jukwaani alipiga makofi, Mwikali akaweka sahani chini ili aone vizuri. Kiilu aliinama pembeni mwa jukwaa mpaka uso wake ukawa karibu na wake.

"Hayo ni ya Mama Mapacha?"

"Ni yangu."

"Mjibu, kijana!" mzee wa mbele alifoka. "Usiwe kama huyo daktari!"

"Mwambie baba yako," Kiilu alisema kwa nguvu ili kila mtu asikie, "Jumamosi ijayo asitoke nyumbani. Nakuja na wazee wangu."