Soksi Ndani ya Foronya

Kila Jumatatu, kabla ya kwenda shuleni, Sietske alimsaidia bibi yake, Jeltje, kuanika nguo nyuma ya nyumba. Kijiji chote cha Oosterwier, huko Uholanzi, kilifua siku hiyo; aliyeanika Jumanne alisemwa hadi Jumapili. Ng'ambo ya mtaro, Bibi Aukje alianika zake. Wazee hao wawili walisalimiana kwa kuinua kidole, basi.

Juma lile walikuja watengenezaji wa filamu. Walitaka kuonyesha jinsi wanakijiji walivyowaficha Wayahudi miaka thelathini na mitano iliyopita, Wanazi walipowasaka na kuwapeleka kuuawa. Mwongozaji, Bi Mirjam, alifika darasani kutafuta msichana wa kuigiza mtoto aliyefichwa.

"Nyumbani kwenu alifichwa nani?" alimwuliza Sietske.

"Kwao ilifichwa jibini!" alidakia Jorrit, mjukuu wa Bibi Aukje. Darasa likaangua kicheko.

Sietske alihisi uso ukiwaka. "Bibi yangu alimficha mtoto wa miaka minne," alisema. "Soksi zake alizianika ndani ya foronya ili majirani wasizione."

Bi Mirjam aliacha kuandika. "Jambo kama hilo halitungwi," alisema. Nafasi ikawa ya Sietske.

Jioni alimsimulia bibi yake, aliyekuwa akimenya viazi. Kisu kilisimama.

"Nilikwambia foronya hiyo ilikuwa kwenye kamba ya nani?"

"Ya Bibi Aukje. Lakini mwenyewe hasemi, Bibi! Hata Jorrit hajui."

"Kwa hiyo asiyesema huibiwa?"

Sietske aliokota maganda ya viazi yaliyoanguka sakafuni.

"Keti. Kuna sehemu sikukuambia. Watoto wa Aukje walikuwa wakubwa. Siku moja upepo uliiangusha foronya ile upande wetu, nikaziona soksi za mtoto mdogo. Nilizirudisha ndani, nikaitundika foronya kwenye uzio wake, nikanyamaza. Juma lililofuata msako ulikaribia. Aukje aliniomba nimweke mtoto siku tatu tu. Nilikuwa na wanangu, niliogopa. Nilifunga mlango."

"Mtoto alikufa?"

"Hapana. Aukje alimlaza chini ya sakafu siku zote tatu, naye ana homa kali. Alipona, lakini si kwa mkono wangu." Alikitua kisu. "Ukisema kweli, filamu utaikosa, nami nitajulikana. Kesho twende sote."

Kesho yake, bibi yake akiwa kando, Sietske alisimama mbele ya wenzake na Bi Mirjam. "Nilidanganya. Aliyemficha mtoto ni Bibi Aukje."

"Bibi yangu mimi?" Jorrit alibaki kinywa wazi. "Huyu anayenigombeza nikipoteza kibanio kimoja cha nguo?"

Safari hii hakuna aliyecheka sana. Bi Mirjam alimsikiliza Bibi Jeltje hadi mwisho, kisha nafasi ile akampa msichana mwingine. Siku mbili baadaye alibisha hodi nyumbani kwao.

"Filamu yangu ilikuwa na milango iliyofunguliwa tu," alisema. "Nahitaji na huu uliofungwa. Natafuta mtoto wa kuchungulia dirishani mama yake anapoufunga."

Sietske alimtazama bibi yake. Bibi aliinamisha kichwa kukubali.

Jumatatu iliyofuata, Bibi Aukje alivuka daraja la mtaro, jambo ambalo Sietske hakuwahi kuliona.

"Jeltje, soksi uliziona?"

"Niliziona."

"Na ndiwe uliyezirudisha?"

"Ndimi."

"Miaka yote nilidhani ni mume wangu." Aukje alichukua ncha moja ya shuka lililolowa, wakalikamua pamoja.

Alipoondoka, Bibi Jeltje alimgeukia mjukuu wake. "Ushujaa si chungu cha kuazima kwa jirani, Sietske. Siku ile nilikosa ule wa kufungua mlango. Huu wa kukiri nimeupata nikiwa mzee. Wewe usingoje uzee. Haya, nipe vibanio, shule inakusubiri."