Karibu Iliyoponyoka

Jioni ile Mama Chiriku alikuwa na safari fupi tu. Ampelekee fundi wa sinema flashi yenye kazi yake, apitie mkate, afike nyumbani kabla giza halijaingia. Miguu ilikuwa inamwaka moto. Tangu alfajiri hakuwa ameketi, ukiacha kile kiti cha mbele ya kompyuta, na hakuna mwenye mgongo kama wake ambaye angekuita huko kuketi.

Kazi yake ilikuwa kufasiri maneno ya sinema, yale maandishi yanayopita chini ya picha. Hii aliyoimaliza ilikuwa ya Kipolandi, ya zamani, nyeusi na nyeupe, isiyo na kichwa wala miguu. Mtu kavaa suti na tai, anamwogesha bata bukini kwenye beseni. Vitanda vimepangwa uwanjani juu ya theluji, watu wamelala humo wakisoma magazeti. Saa ya ukutani imegeuzwa, inatazama ukuta. Na katikati ya vituko hivyo mwanamume mwenye koti refu la sufu anapita nyumba hadi nyumba, anabisha.

Basi. Sinema yenyewe ndiyo hiyo.

Lakini kulikuwa na watu walioisubiri miaka kumi na tisa. Wakusanyaji, watu wazima na akili zao, wenye rafu za sinema kutoka sakafuni hadi darini. Walichokuwa nacho ni kanda iliyonakiliwa kutoka kanda iliyonakiliwa, picha yake utadhani unaitazama kupitia uji. Sasa mkanda wa asili ulikuwa umepatikana. Fundi alikuwa ameusafisha picha moja moja kwa miezi saba, na sinema ingetoka kwenye diski, ikiwa na maandishi ya Kiswahili kwa mara ya kwanza. Simu ya fundi haikupoa. Bado? Jalada lina rangi gani? Sauti mmeigusa? Msiiguse sauti.

Mkubwa wao, karani mstaafu wa posta aliyeitwa Mzee Kanda, hakupiga simu. Alikuja mwenyewe kila jioni, akaketi kwenye benchi la karakana, kofia magotini.

“Shikamoo, mzee,” Mama Chiriku alisema akiingia.

“Marahaba, mwanangu. Nimekuja kumjulia hali mgonjwa.”

“Mgonjwa wako anaruhusiwa kesho,” fundi alisema bila kugeuka. “Leo anavalishwa nguo tu. Lete hiyo flashi, dada. Na ukae dakika tano tuangalie mwisho. Maandishi yakichelewa nyuma ya picha, uniambie hapahapa.”

“Dakika tano zako nazijua mimi.”

Akaketi.

Kwenye kioo yule mwanamume alikuwa amefika nyumba ya mwisho. Ujia mrefu. Mwishoni mlango ulio wazi, na pazia jepesi likicheza. Akasimama kizingitini, theluji mabegani. Akagonga ubao wa mlango, akatamka neno lake, mojna, neno ambalo kwao ni kama kuuliza, naruhusiwa? Mama Chiriku alikuwa amelifasiri kama mtu yeyote angelifasiri.

Hodi.

Kimya. Mahali fulani tone la maji likaanguka.

Hodi.

Kimya.

Hodi.

Kisha, chini ya picha, herufi nyeupe:

Karibu.

Mzee Kanda alikuwa akitikisa mguu. Akaacha.

“Nani kasema karibu?”

“Wapi?” fundi akauliza.

“Hapo. Hapo hakuna mtu anayesema kitu. Sinema nzima hakuna anayemjibu, wanabana midomo mpaka anaondoka. Hodi tatu, hajibiwi, anakwenda zake.”

Fundi akarudisha nyuma. Kweli hapakuwa na sauti. Palikuwa na herufi tu.

Mama Chiriku alihisi uso ukimpata moto. Akakumbuka jana yake, saa kama hizi, sufuria jikoni, mtoto akimwimbia sikioni habari za mwalimu wa hesabu, naye anachapa hodi, hodi, hodi... na vidole vikaendelea. Mtu amezaliwa ndani ya neno hodi, hawezi kuliacha likining'inia mlangoni. Lina mwenzake. Mkono ulikuwa umetangulia akili.

“Nimeteleza,” alisema. “Lifute.”

Fundi akalifuta. Kazi ya kufumba na kufumbua. Akairudisha tena kuhakikisha.

Hodi. Hodi. Hodi. Baada ya hapo, hakuna herufi.

“Sasa anageuka,” Mzee Kanda akanong'ona. “Anatupa mgongo, anaondoka, theluji inamfuta...”

Wakangoja.

Kizingiti kilikuwepo. Pazia lilikuwepo. Sauti yake ikibisha waliisikia.

Yeye hakuwepo.

Fundi akasogeza uso hadi pua ikakaribia kioo. “Miezi saba nimemsafisha huyu mtu,” alisema polepole. “Vifungo vya koti lake nimevihesabu. Alikuwa hapa.”

Mama Chiriku alikuwa keshasimama, mkoba begani. “Mzee. Anataka nini kwenye hizo nyumba?”

Mzee alizungusha kofia yake. “Tumebishana miaka kumi na tisa. Wapo wanaosema ni vita. Wapo wanaosema ni kifo.”

“Na wewe?”

“Mimi nasema hatujui, mwanangu. Hakuna aliyewahi kumjibu.”

Mkate aliusahau.

Binti yake, Chiriku, alikuwa na miaka tisa, na jina hilo alipewa kwa haki. Tangu ajue kusema hakuwahi kunyamaza zaidi ya muda wa kumeza mate. Wawili tu waliishi mle ndani, yeye na mama yake, vyumba viwili na jiko. Sheria alikuwa nayo moja: ukirudi shule, funga. Yeyote akibisha, nyamaza mpaka nifike.

Alipofika, mlango haukuwa umefungwa.

Harufu ndiyo iliyompokea. Sufu iliyolowa. Moshi wa makaa ya mawe. Na baridi, baridi ya chini, ya kwenye vifundo vya miguu, kama mtu kaacha friji wazi.

Chiriku alikuwa mezani na daftari lake. Kiti cha pili kilikuwa kimevutwa nje. Chini yake, maji.

“Mama,” akanong'ona, na mtoto yule hakuwa wa kunong'ona. “Mgeni kaingia.”

“Nani kamfungulia?”

“Mimi. Ila wewe ndiye uliyemkaribisha.”

“Mimi nilikuwa kazini, Chiriku.”

“Alipiga hodi tatu. Nikanyamaza kama ulivyosema. Ukaitikia wewe, kutoka chumbani. Ukasema karibu. Ndipo nikafungua.” Akameza mate. “Nikakuita chumbani. Hukuwemo.”

Mama Chiriku hakupiga kelele. Alichukua tambara akapiga deki. Maji yalikuwa ya barafu, yaliuma vidole. Akakausha, yakarudi. Akakausha tena, yakarudi, na safari hii yalikuwa na umbo. Soli mbili. Kulia na kushoto.

Akakisukuma kiti ndani ya meza.

Kikatoka. Polepole, kama kinachovutwa na mtu mwenye adabu.

Usiku huo walilala kitanda kimoja, kabati likiwa nyuma ya mlango. Hakuna kilichowafuata. Na kesho yake, Ijumaa, Mama Chiriku alijaribu kujiambia kwamba uchovu una mambo. Lakini mtoto aliamka hana maneno.

“Umeamkaje?”

“Salama.”

Neno hilo tu. Saa nne mwalimu alipiga simu kuuliza kama binti anaumwa koo. Jioni, mama yake alipomwita kutoka jikoni, ile “Abee, mama!” ya kila siku haikuja. Akatoka kumwangalia. Mtoto alikuwa ameketi, mdomo wazi, anajitahidi. Hakikutoka kitu ila mvuke, kama pumzi ya mtu aliye kwenye nchi ya baridi.

Na kwenye kile kiti cha pili...

Sauti ilikuwa nzito, ya mwanamume, inatafuna maneno kama anayekula chakula asichokijua.

“...na mwalimu akasema... na mwalimu... akasema...”

Maneno ya Chiriku. Yaleyale, na vituo vyake.

Mama Chiriku alimbeba mtoto, mkubwa vile, miguu inaburutika, akaingia naye chumbani. Akampigia Mzee Kanda.

“Yule wa sinema yuko kwangu, anamla mtoto maneno,” alimwambia kwa sauti ya chini. “Tangu asubuhi kabakisha matatu au manne. Niambie linalofuata kwenye sinema.”

“Mwanangu, sinema haina hiyo sehemu.”

“Miaka kumi na tisa mmeitazama.”

“Tumeitazama kama watu wa nje.” Mzee alikohoa. “Wewe umemkaribisha. Mgeni uliyemkaribisha humtoi kwa matusi, hilo halihitaji sinema.”

Akakata simu. Msaada wa wanaume, aliwaza, huwa ni wa kukueleza ulichokwisha kukijua. Lakini alikaa na lile neno, mgeni, mtoto akimpumulia baridi kifuani. Mama yake mzazi alikuwa na namna yake na wageni. Wajomba walikuja kusalimu na masanduku, wakapewa kuku, wakapewa kitanda. Siku ya tatu asubuhi walikuta jembe limeegemezwa mlango wa chumba chao. Mama yule hakusema neno, alitabasamu tu. Saa sita mchana haikumkuta mjomba pale.

Mgeni siku mbili. Ya tatu, mpe jembe.

Jumamosi kulipopambazuka Chiriku hakuwa na neno hata moja. Alimtazama mama yake kwa macho tu, na macho yenyewe yalikuwa yanaanza kuzoea.

Jembe halikuwepo, angelima wapi, sakafu ya saruji. Mama Chiriku alichukua ndoo, fagio na tambara. Akaviweka mbele ya kiti. Akaelekeza kidole jikoni, kwenye vyombo vya siku mbili.

“Mgeni wangu,” alisema. “Siku zako mbili zimeisha. Kwangu, ya tatu ni kazi.”

Kimya.

Tone la maji.

Kiti kikasogea nyuma. Sakafuni alama zikaanza kutokea, moja, ya pili, bila haraka. Mama Chiriku akarudi nyuma hadi ukutani kuzipisha, maana mlango wa nje alikuwa ameufungua kabisa, ameuwekea na jiwe.

Alama zikafika kwenye mlango ule. Zikasimama.

Zikageuka. Zikaingia jikoni.

Bomba likafunguliwa. Kikombe kikagusa kikombe.

“Mama,” Chiriku aliita kutoka kitandani. “Nina njaa. Na jana mwalimu kaninyima zamu ya kufuta ubao kwa sababu kaniuliza kitu nikashindwa kujibu, halafu wakacheka, halafu...” Hakunyamaza tena mpaka mchana.

Mama Chiriku alikaa sakafuni, mgongo ukutani, akimsikiliza. Lile kosa lake la pili lilimfikia taratibu, vyombo vikiendelea kulia jikoni. Wajomba waliliona jembe wakaondoka kwa sababu walikuwa wageni wenye kwao. Huyu alikuwa amezunguka nyumba zote akibisha, hana pa kwenda. Yeye kampa kazi.

Mgeni huondoka. Mwenye kazi ndani ya nyumba ni mtu wa nyumbani.

Alijaribu mara moja kuitengua kazi ile. Jumatatu alifungua mlango, akaliambia jiko, kwa heshima, kwamba kazi imekwisha, ahsante, nenda salama. Chumbani Chiriku alikuwa anasimulia habari za rafiki yake aliyeanguka kwenye ngazi. “Akaanguka mpaka ki...”

Ikakatika hapo. Ki. Na mvuke.

Mama Chiriku akaufunga mlango.

“...chwa kikavimba,” Chiriku akamalizia.

Hakujaribu tena.

Wiki ya pili Mzee Kanda alipiga. Diski zilikuwa zimetoka, kila mtu na yake, kwenye boksi zuri lenye kitabu ndani. “Wenzangu hawasemeshani,” alisema. “Mwisho hakuna mtu mlangoni, ni mlango tu. Nusu wanataka kuzirudisha. Nusu wanasema hii ndiyo nakala safi kuliko zote, ndivyo ilivyokusudiwa tangu mwanzo.”

“Na wewe, mzee?”

“Nimetoa kanda yangu ya zamani kabatini, ile ya uji. Nikaitia kwenye mashine.” Akapunguza sauti. “Humo nako hayupo, mwanangu. Kwako ni salama?”

Mama Chiriku aliutazama mlango wa jikoni.

“Salama,” alisema.

Siku zikaenda. Harufu ya sufu mtu huizoea. Nguo akazikuta zimekunjwa, kingo kwa kingo, kama barua. Siku nyingine sufuria lililoungua mwaka jana, alilokuwa ameshalikatia tamaa, likang'aa. Hakuomba. Hakushukuru. Aliogopa shukrani nayo isije ikawa na maana yake kule alikotoka yule. Lakini kulikuwa na jioni alizoingia, akaona hakuna kilichobaki cha kufanya, akainua miguu juu ya kiti, na akaona aibu kwa jinsi alivyolala usingizi.

Halafu ikaja jioni alipochelewa hasa. Alifika giza limeshaanza kujaa kwenye pembe za nyumba. Chiriku alikuwa mezani na hesabu zake, anaongea peke yake kama kawaida, anaongea, anaongea, bila kuinua kichwa.

Nywele zake zilikuwa zimesukwa.

Asubuhi alikuwa ametoka nazo timutimu. Sasa mistari ilikuwa imenyooka kana kwamba imepigwa kwa rula, midogo, mingi, kazi ya saa tatu, kazi ambayo mama yake hakuwahi kupata nafasi nayo tangu mtoto aanze shule. Mama Chiriku akaweka mkono pale juu. Nywele zilikuwa na unyevu. Baridi ikampanda hadi kwenye kiwiko.

Alitaka kuuliza. Neno lilimfika kwenye ulimi.

Akafikiria sauti ya mtoto ikikatika katikati ya neno. Akafikiria kufumua mistari yote ile, na kuamka tena kesho alfajiri na kazi zote.

Akaweka mkoba chini. Akavua viatu.

“Umekula?” aliuliza.

“Tumekula,” alisema Chiriku, na akaendelea na hesabu zake.